Uchunguzi wa Tishu za Ngiri

Zipo hospitali zenye desturi ya kupeleka maabara ya patholojia, hata pasipo shaka yoyote, kifuko cha ngiri au nyama nyingine iliyotolewa katika upasuaji, ikahifadhiwe katika formalini, igandishwe ndani ya nta, ikatwe vipande vyembamba mno, itiwe rangi, kisha itazamwe kwa hadubini.

Mtu hataji ngiri mjini Tabora bila kuwakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi, ambao katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji walijitwika takriban frasila mbili kila mmoja. Kwani kujikaza kwa mizigo kwaweza kuchochea ngiri, ijapokuwa asili yake hasa ni udhaifu wa ukuta wa tumbo, ambao wengine huzaliwa nao.

Kifuko cha ngiri cha mtu mzima, ikiwa tabibu hakuona uvimbe wala unene usio wa kawaida, aghalabu huwa utando mtupu, na saratani ndani yake ni nadra sana. Ndiyo maana madaktari wengi huona yatosha kupeleka kile tu chenye kutia shaka. Kwa watoto hoja hubadilika kidogo, maana hadubini yaweza kufichua kipande cha mrija wa manii kilichokatwa kwa bahati mbaya. Na katika nchi zenye kichocho, mayai ya vimelea vya ugonjwa huo yamepata kuonekana ndani ya kifuko. Tena maabara yaweza kuwa mbali: kutoka Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, hadi hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ni mamia ya kilomita, nayo gharama ya safari hiyo, kwa utando usio na ila, si haba.