Bwana Msa Bondeni Kilombero

Bonde la Kilombero ni la mpunga na mafuriko. Ifakara haina majumba ya mawe wala vichochoro vya Unguja. Hata hivyo, msomaji wa huko amfunguapo Muhammed Said Abdulla, aliyepata kuhariri gazeti la Mkulima, hahisi ugeni. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kinachomvuta ni Bwana Msa mwenyewe: utulivu wake, Najum rafikiye, na kiko, ambacho asili yake, bila shaka, ni Sherlock Holmes wa Uingereza. Mwuaji husahaulika upesi. Tena Msa si polisi. Askari ni Inspekta Seif, naye hungoja kuelezwa. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), alimkabidhi upelelezi Inspekta Wingo, askari hasa. Msako wake una kasi zaidi, lakini wa kutamaniwa barazani ni Msa.