Wete, Mlango wa Karafuu

Ukisimama bandarini Wete, kisiwani Pemba, maji yakiwa yamejaa, utaiona Mtambwe Mkuu ng'ambo, imezungukwa na bahari kama kisiwa. Maji yakitoka, huungana tena na nchi kavu. Huko ndiko asili ya biashara ya eneo hili. Mwaka 1984 watafiti wa mambo ya kale, akiwemo Mark Horton, walifukua Mtambwe sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za dola ya Fatimiya. Nyingi kati ya zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii hii. Basi asitokee mtu akatwambia kwamba bandari tuliletewa na wageni.

Wareno walifika katika karne ya 16, na nguvu zao zikavunjika Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Wakafuata Mazrui wa Mombasa, waliokitegemea kisiwa hiki kwa mpunga, mpaka Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipowanyang'anya mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Lakini Wete tunayoijua ni mtoto wa karafuu. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka Pemba, na ghuba ya Wete, iliyokingwa na kisiwa cha Fundo, ikawa mlango wa karafuu hizo. Waliopanda na kuchuma walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa. Hili tuliseme wazi, maana utajiri wa mashamba yale umesimama juu ya migongo yao.

Uingereza ilipoitia Zanzibar chini ya ulinzi wake mwaka 1890, Sultani alibaki na kiti, mamlaka yakahama. Sheria ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya utumwa, lakini aliyetaka uhuru alilazimika kwenda mwenyewe kuuomba mahakamani, na fidia akalipwa bwana wake. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa haki iliyopinduliwa kichwa chini. Serikali yenyewe ilikuwa ikiishi kwa ushuru wa karafuu, kwa hiyo mashamba hayakutakiwa yalale hata msimu mmoja.

Baadaye ikaundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 ikapewa udhibiti wa ununuzi na usafirishaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma. Bara Hindi, lililokuwa mnunuzi mkubwa, likasusia karafuu zetu hadi mapatano ya mwaka 1938. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, lakini aliyeanika jamvini akasubiri mnunuzi ni mkulima.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ilishikwa na serikali, na mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC). Bei ilipokuwa duni, baadhi ya karafuu zilivuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Meli kubwa nazo zikahamia bandari ya Mkoani.

Historia hii bado imo majumbani. Kama marehemu babu yako alikuachia hati ya shamba, stakabadhi ya karafuu au picha ya bandari, usiiache iliwe na mchwa. Ipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Na kama bado unaye mzee aliyechuma enzi za Mwingereza, kaa naye leo umwandike.