Vyama na Ngazi za Utawala Kilimanjaro

Historia ya vyama vya siasa nchini mwetu huanzwa mara nyingi Dar es Salaam mwaka 1954, ilipozaliwa TANU, kisha ikateremshwa hadi mikoani. Tukiipanda milima ya Uchagani tutaona kwamba mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Huko watu walikuwa wamekwisha kujifunza siasa ya vyama katika utawala wao wa nyumbani.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza iliweka Waitori watatu juu ya Wamangi: mmoja Hai, mmoja Vunjo na mmoja Rombo. Wengi walinung'unika kwamba wakubwa wanaongezwa bila raia kuulizwa. Kutokana na manung'uniko hayo kiliinuka chama cha Kilimanjaro Union, chini ya Petro Njau na Joseph Merinyo, ambaye tangu 1925 alikwisha kuwaongoza wakulima wa kahawa. Dai lao lilikuwa moja: awepo Mangi Mkuu, naye achaguliwe. Mwaka 1951 uchaguzi ukafanywa, na Thomas Marealle akashinda.

Hapo likazuka swali ambalo chama hicho hakikulimaliza. Je, aliyechaguliwa atawale hadi kufa, au kwa muda uliowekwa? Chama kipya, Chagga Democratic Party, kikalishika swali hilo. Kiongozi wake, Solomon Eliufoo, alikuwa pia mwana-TANU. Hivyo hoja ya nyumbani na hoja ya Uhuru zikaenda pamoja. Mwaka 1960 wananchi walipiga kura, na walio wengi wakataka rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Eliufoo akashika kiti hicho, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Elimu wa taifa zima.

Katika nchi za shirikisho, kama Nigeria, katiba huzigawia serikali za majimbo madaraka yao, na chama kinachoshindwa makao makuu chaweza kutawala jimboni. Tanzania Bara haikufuata njia hiyo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria. Mwaka 1965 kikabaki chama kimoja. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa. Ziliporudishwa kwa sheria za 1982, bado chama kilikuwa kimoja. Ni baada ya 1992 ndipo ngazi ziliweza tena kutofautiana: mwaka 2000 taifa lilichagua serikali ya CCM, na Moshi Mjini ikampeleka bungeni Philemon Ndesamburo wa CHADEMA.

Fundisho tunalolipata ni hili: kura iliyompandisha Mangi Mkuu mwaka 1951 ndiyo iliyokiondoa kiti chake mwaka 1960, wala haikupita miaka kumi. Raia akishazoea kuulizwa katika baraza la karibu naye, hakubali tena kunyamazishwa katika lile la mbali. Yatupasa basi kuwafundisha vijana wetu kwamba diwani na halmashauri si mambo madogo. Huko ndiko demokrasia inakopata mizizi.