Zamani staji ililipwaga



Kila mwaka masomo yanapokaribia kuisha, ujumbe ninaoupata ni ule ule: "Yaya, staji ya kulipwa inapatikana wapi?" Nimezoea kujibu kwa maneno mawili matatu. Safari hii nataka kujibu kwa historia, sababu nyuma ya swali hili kuna wazo moja linalotuharibia mambo. Tunaamini kwamba staji ni kitu cha bure kwa asili yake, na kwamba anayeomba alipwe ni kama mtu anayeomba sadaka. Sivyo. Hii staji ya bure tunayoijua hapa Tshopo iko na umri, na umri wenyewe si mkubwa.

Tuanze na hesabu ya leo. Toka Bengamisa mpaka Kisangani ni kilometa kama 50 kwa barabara ya Buta. Mwanafunzi wa huku akipokelewa staji mjini, anahitaji mahali pa kulala, chakula, pesa ya toleka asubuhi na jioni, buti, halafu kuchapisha rapoti mwishoni. Mtoto ambaye wazazi wake wako na nyumba Makiso anaweza kumaliza miezi mitatu bila kulipwa hata falanga moja. Mtoto wa Bengamisa, mama yake anauza mpunga uliobaki kwa mbegu. Mwishoni wote wawili wanapewa karatasi moja, kama yule wa pili hakurudi nyumbani katikati. Mimi nilifanya staji ya namna hiyo kwenye shamba moja kubwa, sitalitaja. Miezi mitatu nilipima mihogo, nikaandika namba kwenye daftari lao, na siku ya kuondoka nikaambiwa kwamba sahihi ya shefu kwenye atestasiyo iko na bei. Nililipa. Wengi wenu mnaosoma hapa mmelipa pia, najua.

Sasa turudi nyuma, mbali kidogo. Paul Panda Farnana alizaliwa 1888 karibu na Banana, kule Congo inapoingia baharini. Alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto, akaingia shule ya kilimo cha bustani ya Vilvoorde mwaka wa 1904, akatoka na diploma 1907. Kisha akaongeza masomo ya mimea ya nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ubelgiji, na diploma hiyo haikuwa ya sheria wala ya dini. Ilikuwa ya kilimo! Mwaka wa 1909 serikali ya koloni ikamwandika kazi kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na Coquilhatville, ambayo leo tunaiita Mbandaka. Alikuwa na miaka 21 hivi, ametoka shuleni juzi, kazi yake ya kwanza. Hakuna aliyemwambia aje kwanza bure miezi sita ili aonekane kama anafaa. Alipewa cheo, cheo kilikuwa na mshahara. Cheo chenyewe kilikuwa cha chini, mkubwa wa mashamba wa daraja la tatu, na baadaye maisha yake yote alipigania Wakongomani wapewe shule na sauti. Mwaka wa 1919 akaanzisha Union Congolaise kule Brussels. Lakini hata utawala ule, ambao haukuwa na huruma na mtu mweusi, ulijua kwamba kijana anayechunga mimea ya bustani anafanya kazi.

Mfano wa pili uko karibu na sisi. Tarehe 22 Desemba 1933 Ubelgiji iliunda INEAC, taasisi ya kuchunguza kilimo cha Congo, na kituo chake kikubwa kikawa Yangambi, kwenye mashamba ya serikali yaliyokuwa chini ya shirika lililoanza 1926. Kwa miaka ishirini na kitu, hakukuwa na kituo cha utafiti wa kilimo kilichokizidi kwa ukubwa katika Afrika ya joto. Na sisi wainjenia wa leo tunapenda kusimulia matokeo tu. Tunasimulia kwamba mwaka wa 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza siri ya ngazi: ukizalisha mchikichi wa dura, wenye kokwa nene, na wa pisifera, usio na kokwa ngumu, unapata tenera, wenye kokwa nyembamba na mawese mengi. Mashamba makubwa ya michikichi ya leo, toka Lokutu mpaka Malesia, yanaishi kwa siri hiyo.

Lakini jiulize siri hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa mtu aliyepanda juu ya mchikichi, akafunga ua kwa mfuko ili wadudu wasilete poleni ya nje, akaleta poleni iliyochaguliwa, akaandika namba ya mti, akangoja, akakata kichala, akapasua ngazi moja moja na kupima kokwa. Fanya hivyo kwa miti mingi, miaka na miaka. Wabelgiji wawili hawakupasua ngazi zote hizo peke yao. Walikuwako vijana wa Kikongomani, wafanyakazi, makarani na monitere wa kilimo, ambao walijifunza kazi ndani ya kazi. Majina yao hayako kwenye kitabu cha 1941. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na siwezi kusifu koloni: wakati huo huo, vijijini, wazee wetu walilazimishwa kulima pamba na mpunga, aliyekataa alifungwa. Ninachotaka muone ni hiki: Yangambi ililipa watu waliokuwa wanajifunza, si kwa wema. Ililipa sababu bila mikono yao ngazi haihesabiwi.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi nzima. Nchi ilihitaji watu haraka. Njo maana mwaka wa 1964 serikali iliunda INPP, ile ambayo mpaka leo inafundisha ufundi, na sheria ikaweka mzigo wa mafunzo juu ya mwajiri: kila kampuni inalipa mchango kufuatana na mishahara ya watu wake. Someni hapo mara mbili. Kwa sheria ya nchi yetu, tangu 1964, anayechangia gharama ya kumfundisha mfanyakazi ni mwajiri. Si mama anayeuza mpunga.

Kisha ikaja 1971, vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa UNAZA, na mwaka wa 1973 masomo ya agronomia yakawekwa Yangambi kwa jina la IFA, pale pale kwenye ardhi ya INERA, iliyoshika nafasi ya INEAC. Wazee wainjenia waliosoma wakati huo wananiambia kwamba staji ilikuwa kuvuka barabara tu. Mwanafunzi alikuwa na kitanda, alikuwa na sahani, alikuwa na bursi ya serikali mfukoni. Wanacheka wakikumbuka walivyoinunulia bia. Basi hata pale kituo hakikumpa mwanafunzi mshahara, serikali ilikuwa imekwisha kumlipia siku zake.

Ilivunjikaje? Hapa sitakaa sana, mnaijua hadithi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akachukua mali za wageni na kuzigawa, mashamba mengi yakaanguka. Bursi ikaliwa na bei za soko mpaka ikakosa maana. Ikaja kupora kwa 1991 na 1993. Wazazi wakaanza kulipa hata sehemu ya mshahara wa maprofesa, kitu ambacho baba zetu hawakukijua. Ikaja vita ya 1996 na 1997, halafu ile ya 1998. Mwezi wa Juni 2000 Rwanda na Uganda wakapigana siku sita ndani ya Kisangani. Masomo ya IFA yakahamia mjini, jina la Yangambi likabaki nayo kama jina la ukoo.

Angalieni kitu kilichotokea kimya kimya katikati ya fujo hiyo. Programu ya masomo haikubadilika: bado inadai staji. Lakini aliyekuwa analipia siku za mwanafunzi ametoweka, iwe serikali, iwe kituo. Gharama haikutoweka naye. Ilihamia kwa familia. Na kampuni zilizobaki zikaona kwamba kila mwaka wanafunzi wanapanga mstari mlangoni na barua ya chuo mkononi, wanaomba kufanya kazi bure. Nani angekataa?

Watu wengine waliona jambo hili na wakakasirika. Ufaransa, mwaka wa 2005, wanastaji walitoka barabarani wamevaa vinyago vyeupe, ili waajiri wao wasiwatambue, wakasema wanafanya kazi za wafanyakazi bila malipo. Sheria ya tarehe 31 Machi 2006 ikaamuru kwamba staji inayozidi miezi mitatu ilipwe. Miaka mitatu baadaye wakashusha mpaka ikawa miezi miwili. Pesa yenyewe si nyingi. Sisi tunaopenda kunakili sheria za Wafaransa, hii mbona hatukuinakili?

Haya, wapi basi. Jibu langu ni lile la ngazi. Tafuta mahali ambapo bila mkono wako namba haipatikani, na ambapo kuna mtu mwenye bajeti ya kazi ya porini. Mahali hapo pako, tena karibu na sisi. Kuanzia 2017 mradi wa FORETS, ulioendeshwa na CIFOR kwa pesa ya Umoja wa Ulaya, uliamsha Yangambi: hebariumu yenye mimea iliyokaushwa karibu 150.000 ilitengenezwa, na mnara wa mita 55 ulisimamishwa msituni kupima hewa ya kaboni. Watu wa masta na udaktari wanakuja kupima miti, udongo, mihogo, makala. Kila mmoja wao, kabla hajafika, ameandika bajeti, na ndani yake kuna mstari wa wasaidizi. Mstari huo unaandikwa miezi mingi mbele. Ukimfikia akiwa amekwisha shuka kwenye pirogi, umechelewa, wasaidizi wake amekwisha kuwachagua. Maprofesa wa IFA na wa UNIKIS wanajua nani anakuja na lini. Waulizeni mapema, kwa heshima, tena zaidi ya mara moja.

Staji yangu ya pili niliipata hivyo. Mtafiti mmoja alihitaji mtu wa kuhesabu miti kwenye mashamba yaliyolala, huku upande wa Bengamisa. Sikumpelekea barua ya "naomba staji". Nilimwandikia kwamba najua majina ya miti kwa kimanga na kwa kilatini, naendesha moto, najua mkubwa wa kijini gani anasalimiwa kwanza, naweza kujaza tablo yake ya namba kila jioni. Na bei yangu ya siku, pamoja na chakula. Alipunguza bei, nikakubali, tukafanya kazi wiki sita. Mtoto wa Makiso hangeweza kuandika barua ile. Hapa njo mahali ambapo sisi wa vijiji tuko na bidhaa ya kuuza, na tunaificha kwa haya, tukidhani kinachohesabika ni kuvaa shati na kukaa karibu na ofisi.

Kampuni za mashamba ni ngumu zaidi, nakubali. Huko mtu mmoja peke yake hawezi kudai. Kwa hiyo nimeandikia komite ya chama chetu pendekezo, litajadiliwa kwenye mkutano ujao: tusitie tena muhuri wetu kwenye barua ya kumpeleka mwanachama mahali ambapo hapewi hata transipoti na chakula, na wanaouza sahihi tuache kuwapelekea watu. Najua wengine watapinga. Wataniambia mwanafunzi anahitaji karatasi ili amalize, na akikosa staji ya bure atakosa yote. Hoja hiyo ni nzito, sina dawa yake kamili. Labda tuanze na wale waliokwisha kupata lisansi, ambao hawadaiwi karatasi na mtu.

Mfano wa barua uko kwa katibu, muombeni. Ni ukurasa mmoja. Mistari mitatu ya kwanza inasema kazi gani unaweza kufanya, mstari wa nne unasema bei.