Imekwama au imeanguka?

“Sistimu iko chini,” mteja huambiwa dirishani, na kauli hiyo hufunika maradhi mengi. Fundi anahitaji zaidi. Seva iliyokwama ingali hai, ila haijibu, iliyoanguka imekufa. Chukua seva ya hifadhidata ya PostgreSQL: mtumiaji akipachika programu yake ndogo ya lugha ya C, nayo ikagusa kumbukumbu isiyo yake, mchakato wake hufa kwa ishara namba 11. Hapo seva huikatisha michakato ya watumiaji wengine wote, maana kumbukumbu ya pamoja haiaminiki tena. Wasio na hatia nao hukatiwa! Kinyume chake, kosa la kawaida la SQL hubatilisha muamala tu. Basi unaporipoti, andika “imeanguka” pale tu ilipokufa, na utaje msimbo wa nani ulikuwa ukiendeshwa.