Mizani ya Jukwaa: Mwanamke katika Historia ya Tamthilia Yetu

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Habari ya mchezo mpya inapoenea mtaani au shuleni, watu huulizana maswali mawili: mchezo unahusu nini, na nani watacheza? Ni maswali ya haki, maana mtazamaji anayeingoja siku ya maonyesho kwa hamu amekwisha kuanza kushiriki katika mchezo wenyewe kabla pazia halijafunguliwa. Lakini yako maswali mengine mawili ambayo aghalabu hayaulizwi, nayo ndiyo yenye uzito zaidi: nani ameutunga mchezo huo, na nani ameuchagua kati ya mingi iliyopo? Insha hii inakusudia kuonyesha kwa njia ya historia kwamba usawa wa wanawake na wanaume katika jukwaa haupimwi kwa kuhesabu nyuso zinazoonekana mbele ya watazamaji. Hupimwa kwa majibu ya maswali hayo mawili ya mwisho.

Tuanze nyumbani. Kabla ya jumba la maonyesho na tikiti, palikuwa na uwanja na moto wa jioni. Msimulizi alisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!" Katika kuitikia huko mlikuwa na hamu ileile tunayoiona leo nje ya ukumbi kabla mlango haujafunguliwa. Katika nyumba nyingi msimulizi huyo alikuwa bibi. Yeye ndiye aliyechagua hadithi ya usiku ule, aliyeipunguza au kuirefusha kwa kadiri ya wasikilizaji wake, na aliyetoa sauti ya sungura, ya fisi, ya mfalme na ya bintiye. Vivyo hivyo katika unyago, makungwi ndio walioongoza nyimbo, ngoma na maigizo ya kuwafunza wari. Kwa hiyo mwanamke hakuwa mgeni katika sanaa za maonyesho. Alikuwa mtunzi, mchaguzi na mwigizaji kwa pamoja, ijapokuwa hakuna aliyemwita kwa majina hayo.

Ukoloni ulileta jukwaa la namna nyingine, lenye pazia, kitabu na mazoezi ya kukariri. Mjini Dar es Salaam kikundi cha Wazungu kilichoitwa Dar es Salaam Players kilianzishwa mwaka 1947, na Mwafrika hakuwa na fungu humo. Waafrika walilijua jukwaa hilo hasa kupitia shuleni, na shule za sekondari za wakati ule, zilizokuwa chache, nyingi zilikuwa za wavulana. Mchezo ulipohitaji mama, mke au mchumba, mvulana alivishwa kanga. Katika Kenya, Henry Kuria aliandika mchezo uitwao Nakupenda, Lakini, uliochapishwa mwaka 1957. Chimbuko lake lilikuwa Alliance High School, shule ya wavulana. Basi hata mchezo wa mapenzi, ambao hauwezi kuwapo bila mwanamke, ulizaliwa mahali ambapo hapakuwa na msichana darasani.

Tusidhani kuwa jambo hilo lilikuwa letu peke yetu. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, iliyotolewa mwaka 1969, alitupa mfano wa Portia, mwanamke anayejivika mavazi ya kiume ili aweze kusema mbele ya mahakama. Katika Uingereza ya Shakespeare wanawake hawakucheza katika majumba ya maonyesho ya umma, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1660. Kwa hiyo Portia wa kwanza alikuwa mvulana, aliyejifanya mwanamke, aliyejifanya mwanamume. Mwenye kutafakari ataona kuwa maneno mazuri aliyopewa mwanamke hayakuwa dalili kwamba mwanamke mwenyewe ameruhusiwa kusema.

Baada ya Uhuru, taifa letu lililitazama upya suala la utamaduni. Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1967 mafunzo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa katika chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo unaohusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wengi wetu hukumbuka maji, mizimu na majemadari, wakasahau kuwa mchezo huo unafunguka kwa wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Bobali, wanaozungumza juu ya taabu na njaa iliyowapata. Mtunzi alijua kuwa dhuluma ya mkoloni ilionekana kwanza chunguni. Hapo mwanamke alikuwa amepata nafasi ya kuonekana na kusikika, lakini maneno yake yalikuwa bado yanatungwa na mwanamume.

Hatua iliyofuata ndiyo inayostahili kuandikwa kwa wino mzito. Mwaka 1972 Penina Muhando, mzaliwa wa Berega katika Wilaya ya Kilosa, alichapisha Hatia, mchezo unaomhusu msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Vikafuata Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975 na Talaka Si Mke Wangu mwaka 1976. Kwa muda wa miaka mitano tu mwanamke mmoja alikuwa ameiwekea maktaba ya Kiswahili rafu nzima ya tamthilia. Watazamaji na wasomaji waliokuwa wakingoja mchezo mpya kutoka kwa Hussein walianza kungoja pia mchezo mpya kutoka kwa Muhando, na hakuna aliyeona ajabu.

Yafaa kuzingatia jambo moja hapa. Watu wengi hufikiri kuwa mtunzi mwanamke ataandika juu ya ndoa, uzazi na talaka, na kwamba mambo ya taifa ni kazi ya wanaume. Historia yetu inakanusha fikira hiyo. Mwaka 1982 ilichapishwa tamthilia iitwayo Harakati za Ukombozi, na watunzi wake walikuwa wanawake watatu: Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Walichokitunga ni habari ya taifa zima na mapambano yake. Amandina Lihamba alikuwa amekwisha kutoa Hawala ya Fedha mwaka 1980, tamthilia iliyotokana na kazi ya Sembene Ousmane wa Senegal, inayoonyesha jinsi mnyonge anavyosumbuliwa na karatasi za ofisini. Na katika Lina Ubani, ya mwaka 1984, Muhando alizikabili taabu zilizoikumba nchi baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Kumpa mwanamke "mambo ya wanawake" peke yake si kumpa usawa. Usawa ni kumkubalia kusema juu ya vita, bei, uongozi na historia, kama asemavyo mwenziwe mwanamume.

Wala watunzi hao hawakuwasifu wanawake kwa upendeleo. Katika Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa kuisimamisha nguzo kubwa. Kila mmoja anakuja na lake: huyu ana mzigo wa nyumbani, yule ana ubishi, mwingine anavutwa na maslahi yake. Nguzo haisimami. Mtunzi mwanamume angaliandika hivyo, pengine angalilaumiwa kuwa anawadharau wanawake. Lakini aliyeandika aliijua nguzo hiyo kwa mabega yake mwenyewe, na lawama yake ikawa mafunzo. Hiyo ndiyo faida ya mtunzi kuwa mmoja wa wale anaowasema.

Sasa tuulize: ikiwa urithi huo tunao, kwa nini mara nyingi michezo ya wanawake huchaguliwa kwa uchache? Jawabu tunalolisikia ni kwamba watazamaji hawaitaki. Jawabu hilo linazunguka kama ng'ombe wa kinu. Mchezo usiofahamika hupewa siku mbaya, mazoezi machache na tangazo dogo. Watu wachache wanakuja. Kisha uchache wao unafanywa ushahidi kuwa watu hawataki, na mwaka unaofuata mchezo wa aina hiyo hauchaguliwi tena. Hamu ya watazamaji haidondoki kutoka mbinguni. Hulelewa na kile wanachoonyeshwa.

Na ushahidi wa kinyume tunao katika pwani yetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, aliyetoka katika ukoo wa watu maskini na aliyewahi kuuza vyungu, alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Waliomngojea na kumsikiliza walikuwa wanaume kwa wanawake, wenye majumba na wenye vibanda, na Shaaban Robert akaona inafaa kuandika wasifu wake. Hakuna aliyesema kuwa wasikilizaji hawataki sauti ya mwanamke. Walipoisikia, waliitaka.

Ulegevu katika jambo hili huweza kuwapata hata wale ambao historia yao imeanza vizuri, na mfano wa nchi ya mbali utatufaa. Huko Dublin, Ayalandi, jumba la taifa la maonyesho liitwalo Abbey lilifunguliwa mwaka 1904, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwanamke, Lady Gregory, aliyekuwa pia mtunzi wa michezo. Lakini mwaka 2015, jumba hilohilo lilipotangaza michezo yake ya mwaka 2016 ya kuadhimisha miaka mia moja tangu maasi ya Pasaka ya mwaka 1916, ilionekana kuwa kati ya michezo kumi, mmoja tu ulitungwa na mwanamke. Watu waliokuwa wakiingoja ratiba hiyo kwa hamu walihamaki, na tarehe 12 Novemba 2015 walikutana katika jumba hilo kulalamikia hali hiyo. Funzo kwetu ni wazi. Mwanzo mwema hauwi kinga. Kizazi kimoja hujenga, na kingine, bila nia mbaya, husahau kwa kutochagua.

Hapa nchini waliojenga walijitahidi kuhakikisha kuwa jengo halibomoki. Mwaka 1996 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Amandina Lihamba na Penina Muhando, ambaye siku hizo alijulikana kwa jina la Penina Mlama, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Humo msichana hapewi mchezo uliokwisha kuandikwa ili aukariri. Wasichana hukaa pamoja, hutaja mambo yanayozuia masomo yao, huyachambua, hutunga mchezo wao wenyewe, huucheza mbele ya walimu na wenzao, kisha wote hujadili la kufanya. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Tukiutazama kwa makini, tutaona umemrudishia msichana kazi zote tatu za bibi wa jioni: kuchagua, kutunga na kuigiza.

Ndugu mwalimu, huenda ukadhani kuwa habari hizi zinawahusu wakuu wa majumba ya maonyesho. Hasha. Kwa mwanafunzi wa kijijini, mwenye kupanga michezo ni wewe. Sikukuu ya shule inapokaribia, wewe ndiwe unayefungua kabati na kutoa kitabu. Sisemi uuache mchezo mzuri wa mwanamume ili uchukue mbovu wa mwanamke. Sanaa mbovu haimsaidii mtu, na Kinjeketile haina budi kuendelea kuchezwa. Nasema ukumbuke michezo iliyochezwa shuleni pako kwa miaka michache iliyopita, uandike majina ya watunzi, kisha uitazame orodha hiyo. Ukiona mizani imelalia upande mmoja, hukukosa vitabu vya kuisawazisha, maana viliandikwa zamani na kwa lugha yetu wenyewe.

Nawe mwanafunzi, utakaposikia kuwa mchezo mpya unakuja, uliza unahusu nini na nani watacheza. Kisha uliza ameutunga nani, na ameuchagua nani. Mtazamaji anayeuliza hivyo humfanya mchaguzi awe mwangalifu, na humtia moyo mtunzi ambaye bado hajaishika kalamu. Pengine mtunzi huyo ameketi dawati la pili kutoka kwako.