Kabla ya Shumaisi: Miaka 150 ya Kurudishwa Kwao

Ukitoka Jeddah kwenda Makka kwa barabara ya zamani unapita Shumaisi, jirani ya Hudaibiya, pale Mtume na Makureshi walipowekeana mkataba wa amani mwaka 628. Mahujaji wa pwani yetu wanapajua. Lakini kwa Waafrika Mashariki wengi waliotafuta riziki Saudia katika miaka ya karibuni, Shumaisi ni tarhil: kizuizi cha wageni wanaongoja kufukuzwa nchini. Desemba 2022 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu Wahabeshi waliofungiwa Shumaisi na katika kizuizi cha Al-Kharj, karibu na Riyadh. Ilitaja msongamano, chakula haba, vipigo, maradhi yasiyotibiwa, na watu waliofia humo humo.

Hayo ya ndani ya kuta yameandikwa, na yaendelee kuandikwa. Mimi nauliza la baadaye. Mtu akishatolewa tarhil, akapandishwa ndege na kushushwa kwao akiwa na mfuko wa plastiki mkononi, maisha yake yanapangwa na nani? Pwani yetu imeshalijibu swali hili zaidi ya mara moja, kwa njia zilizopingana kabisa.

Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo na kuanza kulea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1875 Waanglikana wa shirika la kimisheni la CMS, chini ya William Salter Price, wakaanzisha Freretown huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wapokewe watu walionaswa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ya Freretown ipo mpaka leo. Nia ilikuwa njema, na watu walipata chakula, paa na kusoma. Lakini kila kitu kilikuwa kimeamuliwa kabla hawajashuka chomboni: jina jipya, dini, shamba, saa ya kuamka, mara nyingine hata mchumba. Haukuwa utaratibu kukaa na Myao au Mmakua aliyetekwa utotoni na kumuuliza anakumbuka kwao wapi, anajua kazi gani, angependa kuishi karibu na nani. Na asiyefuata taratibu alikiona. Msimamizi wa Freretown, J. R. Streeter, aliwacharaza viboko waliokombolewa mpaka habari zikafika kwa maofisa wa Kiingereza, ukafanyika uchunguzi mwaka 1881, naye akaondoka. Mtu alitoka mikononi mwa bwana mmoja akaingia mikononi mwa mwingine, tena aliyeamini kwa dhati kwamba anamsaidia.

Wakati huo huo, bara kidogo kutoka Takaungu, watoro walikuwa wanajenga kwao wenyewe. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilikuwa makazi ya waliokimbia mashamba ya pwani. Kiongozi wao alikuwa David Koi, Mgiriama aliyekuwa Mkristo, si padri wala mzungu. Walilima, walisali, walipokea watoro wapya na kujiendeshea mambo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wenye watumwa walivamia, na Koi akauawa. Makazi ya watoro hayakufa naye. Wengine walijificha Rabai, ambako mchungaji William Jones, mwenyewe aliyewahi kuwa mtumwa, alikataa kuwarudisha. Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA akamaliza ugomvi kwa kulipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fidia hiyo walilipwa mabwana. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu.

Freretown inakumbukwa kuliko Fuladoyo. Naona hapo tumepoteza somo kubwa la ustawi wa jamii katika nchi yetu. Sifa ya Fuladoyo, kwa ninavyoiona, ni kwamba mpango wa kila mtu ulitoka kwake na kwa majirani waliomfahamu, kwa kuwa nao walipitia hayo hayo.

Jeddah yenyewe ina sura yake katika historia hii. Wakati wa Mkataba wa Jeddah wa 1927 Waingereza walibakiwa na haki ya balozi wao mdogo kumpa uhuru mtumwa yeyote atakayefika langoni pake. Aliyefika alihifadhiwa uani, akahojiwa, akaandikiwa cheti na kutafutiwa meli ya kumpeleka kwao. Haki hiyo iliachwa mwaka 1936, Mfalme Abdulaziz alipotoa kanuni zake kuhusu utumwa. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Saudia mwaka 1962. Balozi alifanya moja la maana, alimsikiliza mtu mmoja mmoja. Lakini kazi yake iliishia kwenye ngazi ya meli.

Sisemi kwamba kadama, mfanyakazi wa nyumbani wa leo, ni mtumwa. Ana mkataba, ana mshahara, na wengi wametendewa vyema na kujenga nyumba kwao. Ila chini ya kafala, mfumo wa kudhaminiwa na mwajiri, kafili, yaani mdhamini huyo, akizuia pasipoti au kutangaza kwamba mfanyakazi wake ametoroka, yaani huruub, aliyekimbia mateso hugeuka mhalifu, na njia yake ya kurudi hupitia tarhil. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ililiambia Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika miaka miwili, na vifo vingi vilielezwa kuwa ni vya moyo kusimama.

Miongoni mwa Waafrika Mashariki, waliofukuzwa kwa wingi zaidi ni Wahabeshi. Kuanzia Novemba 2013, katika miezi michache tu, zaidi ya 160,000 walirudishwa Addis Ababa. Kisha kati ya Mei 2017 na Machi 2019 wakarudishwa kama 260,000, wastani wa kama 11,000 kwa mwezi. Uwanja wa Bole ulipokea watu kama mizigo: jina, chakula, nauli ya basi, kwaheri. Wengi walirudi njia ile ile ya Djibouti na Yemen, kwa sababu deni la safari ya kwanza lilikuwa bado linawangoja kijijini.

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilitangaza utaratibu mwingine: kila anayerudi akae na afisa, waandike pamoja mpango wake, na kijiji anakorudi kisaidiwe pia, ili asionekane amependelewa. Kwenye karatasi ni Fuladoyo kabisa. Utekelezaji ulikuwa na pengo ambalo siwezi kulinyamazia. Mradi mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ulilenga hasa waliokubali kurudi kwa hiari kutoka Libya, Sudan na Djibouti. Aliyetolewa tarhil kwa nguvu, mwenye kidonda kibichi zaidi, alibaki pembeni. Waliomwokota mara nyingi ni wenyeji, kama shirika la Agar jijini Addis Ababa linalowahifadhi wanawake waliorudi kutoka Uarabuni wakiwa wameumia akili.

Huko Jeddah na Riyadh kwenyewe, wanawake wa Kenya waliokimbia waajiri hujiita kemboi, kwa jina la mwanariadha Ezekiel Kemboi. Wamejitungia ustawi wao bila afisa yeyote: wanapanga chumba pamoja, aliyetoroka jana anapewa godoro, mmoja anabaki na watoto wa wenzake wanaokwenda vibarua, michango inazungushwa kwa ajili ya matibabu au kusafirisha maiti. Baadhi wana watoto waliozaliwa nje ya ndoa, wasio na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti mtoto hapati ruhusa ya kuondoka. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipeleka watu kuchukua sampuli za DNA za akina mama na watoto ili hati zipatikane.

Damu huthibitisha mtoto ni wa nani. Haielezi kama bibi yake huko Kakamega au Kilifi anajua kwamba yupo. Kuna mama atakayetaka kukaa mjini kwanza, amtafute daktari, ndipo awakabili wa kwao. Mwingine atataka kwenda moja kwa moja kwa dada yake, kwa masharti kwamba ajenti aliyempeleka asijue amerudi. Mwingine ana deni, na chochote atakachopewa kitaishia kwa mdai. Wenzake wa chumba kimoja wanayajua haya yote tayari. Kaunti zina maafisa wa watoto na wa ustawi wa jamii, na kila lokesheni ina chifu. Wawasikilize mama hawa na wenzao kwa simu wangali Jeddah, kabla ya tiketi kukatwa, na nakala ya kwanza ya mpango ibaki mkononi mwa mwenyewe.